Guruguru wa Kichuguuni

Jego

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Mwanasha,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia kwa dua. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anavuna mihogo.

Umeniuliza nilijuaje kwamba babu yako ndiye. Nitakwambia.

Mwaka ule bendera yetu ya uhuru ilipopandishwa, baba alimwita Hamisi, kijana wa Bodo, aje kuikandika nyumba yetu. Alipochimba udongo kwenye kichuguu cha uani, akatokea guruguru, yule mjusi mkubwa mwenye magamba magumu kama ngao. Akakimbilia ufani, akajijaza pumzi mpaka akabana kabisa. Hamisi alimvuta, hakutoka.

Kaka yangu akaleta jembe. "Bomoa, tumuue!"

"Mwache," Hamisi akasema. "Hana sumu, anakula wadudu tu. Na hapa ni kwake."

"Unamwogopa mjusi?"

"Simwogopi. Namwonea haya."

Akafukia pale alipochimba, akaenda kutafuta udongo ng'ambo ya kijito, akawa anaubeba kichwani juani kutwa. Mimi nilikuwa nikimtazama dirishani, nikimwaza mwanamke atakayeishi na mtu kama yule.

Posa yake ilipokuja, baba aliniuliza kama nimeridhia. Kwa desturi yetu mwari hunyamaza, na kimya chake ndicho jibu. Mimi nilisema "Naam!" kabla baba hajamaliza kuuliza, mama akaziba uso kwa leso.

Bibi yako akupendaye,
Mwanamisi