Ukurasa wa Kwanza wa Biblia ya Strachan

Jumatatu, 6 Aprili 1987
Nimerudi kutoka Annapolis miguu inawaka moto. Kutwa nzima kwenye nyumba ya kumbukumbu, namsaka Kapteni Murdo Strachan — mzaliwa wa Montrose, Uskoti, ofisa wa meli za Mfalme. Nimempata! Kanunua shamba hapa Maryland, kamshtaki jirani kwa sababu ya nguruwe, kafa 1790. Watoto? Hakuna hata mmoja kwenye karatasi.

Na Jumamosi ndiyo karamu ya Chama cha Mabibi Wajukuu wa Manahodha. Shangazi Wilhelmina ana miaka themanini na mmoja, kaomba kuingia mara mbili, mara mbili kanyimwa kwa kukosa ushahidi wa ukoo. Kofia keshanunua. Anataka azikwe na beji yao kifuani. Na moyo wake — daktari siku hizi hamtazami machoni.

Jumatano, 8 Aprili
Shangazi katoa Biblia ya ukoo. Majina yote yamo! Kapteni, mwanawe Alasdair aliyezaliwa 1764, hadi babu yetu. Nikaruka. Kisha nikatulia. Miaka mia na ushee, mwandiko mmoja, wino mmoja. Huyo mwandishi alikuwa anakula nini?

Nikatafuta ukurasa wa kwanza, wenye mwaka wa kuchapwa. Siku hizi chama hakipokei Biblia bila huo. Umechanwa.

"Panya," kasema shangazi, haraka mno.

Panya gani huyo anachana kwa rula?

Ijumaa, 10 Aprili
Nimeuona! Ndani ya kopo la biskuti. Philadelphia, 1851. Kapteni ana miaka sitini kaburini! Basi mtu kakaa siku moja, kaandika ukoo mzima kwa kukumbuka — au kwa kutamani.

Nikamwekea shangazi mezani. "Aliyechana ni mama yangu," kasema. " Mimi nilishika rula tu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye akalia. Kweli kweli. Netta, nipe siku moja tu ya kuivaa beji, kasema. Nikamwambia siwezi kutia sahihi uongo kwenye fomu yake ya chama. Najiona mnyama.

Nikaenda kwa katibu wa chama, nikaomba faili la Bi Prudence Oldfield, mwenyekiti, binamu yetu wa mbali, yule yule anayemnyima shangazi. Aliingia 1949. Ushahidi wake: nakala ya majina kutoka Biblia ya Strachan. Yetu! Enzi hizo hakuna aliyeuliza ukurasa wa kwanza.

Lo! Lo! Lo!

Jumamosi, 11 Aprili
Naandika karamuni, daftari mapajani. Asubuhi nilimweleza shangazi habari ya faili. Kisha kala mayai mawili.

Kaa wameliwa, pai inakuja. Bi Prudence kasimama na Biblia yetu mkononi, ile shangazi aliyoileta ikaguliwe. "Wilhelmina mpenzi, pole. Bila ukurasa wa kwanza, Biblia hii si ushahidi. Kwa yeyote."

Mabibi wote wanatikisa vichwa kukubali.

"Kwa yeyote?" kauliza shangazi.

"Hata ningekuwa mimi."

Yesu wangu, kajihukumu mwenyewe!

Shangazi kaiweka sawa kofia yake. Kanigeukia, macho makavu. "Netta, mpe binamu yangu ukurasa wake."

Nimeshafungua mkoba, ile 1851 inachungulia. Bi Prudence kanyoosha mkono, anatabasamu, pete zote zinameta —