Maneno Yaliyo Chini ya Picha ya Baba

Mpendwa mdogo wangu Bura,

Jumapili iliyopita, baada ya komunyo, Katekista Emanueli alisimama kusoma matangazo. Alianza na ndoa, akaja kwenye zamu za kufagia kanisa, halafu akakunjua karatasi ndefu yenye muhuri, akakohoa kama mtu aliyetumwa na mkuu wa wilaya. Ilikuwa habari kutoka kwenu, Idara ya Habari ya chuo kikuu. Wageni watakuja baada ya mavuno. Siku ya kwanza ni maonyesho ya picha katika ukumbi wa kijiji. Siku ya pili semina ya vijana wanaotaka kuandikia magazeti ya vijijini. Siku ya tatu sinema ya bure, italetwa na gari lenye mashine yake ya umeme. Kisha msafara utateremka Baray, utapanda Nainokanoka kwa wafugaji, na mwisho utakwenda Digodigo, "kama barabara itaruhusu."

Kanisa zima likacheka. Nyuma yangu Mama Tsere akanong'ona, "Barabara ya Digodigo imewahi kumruhusu nani?" Na mimi nilicheka, mdogo wangu. Nilicheka mpaka katekista aliposoma kwamba kiongozi wa msafara ni mwalimu wa idara hiyo, mtoto wetu wa hapa hapa, na kwamba katikati ya ukumbi itatundikwa ile picha iliyompa heshima tangu akiwa mwanafunzi: picha ya mzee akishangilia kuhamia kijijini.

Watu wakapiga makofi. Wengine wakageuka kunitazama mimi dada yako. Nilishika rozari yangu, nikamwambia Mungu asante. Nilikuwa nimengoja sana.

Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimeipeleka kwa gazeti letu la vijijini waichape kama ilivyo, na makosa yangu ya darasa la nne humo humo. Kila mtu aisome kabla hujafika. Sitaki kukuvizia. Baba hakupewa onyo la ile picha, lakini wewe nakupa.

Unaikumbuka nyumba yetu ya juu, kule kwenye mteremko wa Mbulumbulu? Ilichimbwa ndani ya kilima, paa lake la udongo likaungana na majani, hata mgeni angeweza kutembea juu yake akidhani bado yuko njiani. Mvua zikiisha, baba alitupandisha mimi na wewe tukanyage udongo mpya ushike. Tulikanyaga tukiimba, ukungu ukishuka kutoka msitu wa kreta, na mama alikuwa ndani akipiga kelele kwamba vumbi linaingia kwenye makande. Halafu siku ile ndama wa jirani yetu Nada akapotea njia, akatoboa paa, miguu yake ikaning'inia juu ya chungu. Mama alitaka kulia. Baba akasema, "Mwambieni Nada alete na mama yake, tukamue hapa hapa."

Kisha akacheka. Alichekaje, Bura? Unajua kuliko mimi, maana ulikuwa ukimwiga mpaka mama anakuchapa. Alifunika mdomo kwa kiganja chote, akageuza uso pembeni, mabega yakatikisika. Tangu ujana wake aliyaonea haya meno yake. Hakuna mtu aliyewahi kumwona baba akicheka mdomo wazi, awe mkewe, padre au walevi wenzake wa kilabuni.

Na yowe je, unalikumbuka? Kwetu yowe halibagui. Anayelisikia anaacha jembe, anaacha chakula, anakimbia na fimbo, hata kama aliyelipiga ni mtu asiyesalimiana naye. Chui alipoingia kwenye kondoo wa Nada, baba alitoka mbio na wewe nyuma yake, mtoto mdogo, umeshika mwiko wa ugali. Wanaume walipokuona wakasahau hata chui. Baba akasema, "Huyu ndiye shujaa. Chui atasongwa leo!" Ulijivuna mwezi mzima na ule mwiko.

Na asiyekuja je? Ulifundishwa kama nilivyofundishwa. Aliyesikia yowe akabaki kwake anatakiwa aende mwenyewe kwa aliyelipiga, akae chini kwenye vumbi la ua wake, aseme mbele ya watu: "Nilisikia yowe lako, sikuja." Basi. Akisema, yamekwisha. Asiposema, hapewi kaa la moto na nyumba yoyote, akazimikiwe na jiko lake peke yake.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Sitaki kusema mambo ya siasa, siyajui. Wako waliohamia vijijini kwa kupenda, na kweli zahanati ilikaribia, na shule pia. Baba hakupenda. Aliambiwa ashuke barabarani, akasema ngoja nivune. Wakaja vijana wa mgambo, wakapanda juu ya paa lile tulilolikanyaga mimi na wewe, wakaanza kulichimba kwa majembe. Baba akatoka nje, akainua mikono yote miwili, akafungua mdomo wake wote kama sijawahi kumwona, akapiga yowe.

Wewe ulikuwa likizo, umekuja na kamera ya chuo. Ulisimama penye zizi. Nilikuona ukifunga jicho moja. Nilidhani utaitupa ile kamera ukimbilie kwa baba, hata kama ni kusimama tu pembeni yake. Ulizungusha kile kidude, ukapiga tena. Baadaye ukala, ukalala, ukapanda basi.

Tulikuwa tumeshashuka barabarani mwalimu mkuu alipokuja na gazeti. Alifurahi kweli, maskini, akidhani anamletea baba zawadi. Akamsomea maneno yaliyokuwa chini ya picha: mzee wa Karatu akishangilia kuhamia kijijini. Baba akamwomba asome tena. Akasoma tena. Baba akaangalia picha, akaangalia jina lako, akasema, "Bura alikuwepo. Alisikia." Tangu hapo hakulitaja tena jina lako mbele yangu.

Ulipokuja Krismasi nilikuuliza jikoni, unakumbuka? Ulikuwa unakula mahindi ya kuchoma.

"Dada, picha ni ile ile. Sikuongeza kitu."

"Na maneno?"

"Mhariri alitaka habari ya furaha. Ndivyo kazi ilivyo."

"Nani alimwambia mhariri kwamba baba anafurahi?"

Ukatupa gunzi motoni, ukasema, "Dada, wewe hujui mambo ya habari."

Ni kweli, siyajui. Huko mjini kila aliyeitazama ile picha angeweza kukosea, nami nisingemlaumu. Mdomo wazi na mikono juu, mgeni atajuaje? Lakini wewe ulijua baba anavyocheka.

Majirani nao hawakuja siku ile, waliogopa mgambo. Ila walipotulia, walikuja mmoja mmoja. Wa kwanza Nada, mtu mzima yule, akakaa chini na suruali yake safi, akasema, "Nilisikia yowe lako, sikuja." Baba akamwambia, "Nimekusikia. Chukua moto." Wakaja wengine. Hata kijana mmoja wa wale waliochimba paa alikuja, akasema maneno yale yale, na baba akampa kaa kwa mkono wake. Wote walikuja, Bura, isipokuwa wewe.

Wewe gazeti lako lilikuja badala yako. Watoto wa kijijini wakampa baba jina, Mzee Shangilia. Akipita kwenda kilabuni wanapiga makofi: "Mzee Shangilia, shangilia kidogo tuone!" Watu wazima nao, wakishalewa. Alikuwa akicheka pamoja nao, kiganja mdomoni. Mchana mmoja fisi akamchukulia kondoo mwenye mimba kubwa mbele ya macho yake, na yeye amesimama tu na fimbo.

"Baba, mbona hukupiga yowe?"

"Nikipiga, watasema nashangilia."

Alipofariki ulikuwa ng'ambo masomoni, nikakutumia simu ya maandishi: baba ameanguka, amefariki. Ukajibu pole nyingi. Sikukueleza zaidi, nilijiambia yanini kumtia uchungu mtoto aliye mbali. Sasa uko karibu, sikia.

Alikwenda kutafuta mtamba wake, akateleza akaingia korongoni, chini ya shamba la mahindi la jirani yetu Lohay. Nyonga ikavunjika. Njia ya kwenda mashine ya kusaga inapita juu pale, unaijua. Wanawake walipita na magunia yao wakisengenyana. Jioni wanaume wakarudi kutoka mnadani wakiimba. Angeita jina la yeyote kati yao, angesikika. Nada alimkuta kesho yake. Nilipofika nikaweka kichwa chake mapajani mwangu, amepoa, midomo imepasuka kwa kiu.

"Baba, ulisikia watu wakipita?"

"Niliwasikia."

"Mbona hukuita?"

"Niliona haya, mwanangu."

Alikata roho kabla gari la misheni halijafika.

Korongo lilimvunja nyonga. Sauti ulimnyang'anya wewe. Na ulichomnyang'anya umejengea cheo, umekitundika ukutani miaka yote hii, unawafundishia watoto wa watu, na sasa unatuletea tukitazame na kukipigia makofi.

Nilikwenda kuungama hasira yangu. Padre akaniambia kisasi tumwachie Mungu. Nikamwambia, "Ninamwachia, Padre. Ila mgeni anafikia kwetu, lazima mtu aandae viti." Akanitazama, akanipa kitubio kirefu. Nimekimaliza chote na hasira bado ipo, tena imepumzika, ina nguvu mpya.

Kwa hiyo sikia mapokezi yako. Kamati ya kijiji imenichagua mimi nikukaribishe, kwa kuwa ndiye dada mkubwa. Nimekubali kwa furaha. Nitakuja na kibuyu cha maziwa. Niliomba pia kipaza sauti. Katekista akasita kidogo.

"Mama, useme kidogo tu, wageni watakuwa wamechoka."

"Kidogo tu, katekista. Nitaeleza ile picha."

"Aa, vizuri sana! Mwenyewe atafurahi."

Nimeshazunguka nyumba zote za waliokaa chini mbele ya baba. Watangoja nje na fimbo zao. Kitambaa kikishatolewa kwenye picha, nitasimama pembeni yake, nitainua mikono kama yeye, nitafungua mdomo kama yeye, nipige yowe lile lile. Watakuja mbio wote, milango haitawatosha. Wanafunzi wako wataona kwa macho yao uso ule ni uso wa nini, na kwa kuwa watakuwa na kamera, wapige tu. Watazame picha, wanitazame mimi, kisha wakugeukie wewe mwalimu wao. Jambo hilo, mdogo wangu, nalifikiria nikiwa shambani na najikuta naimba.

Halafu utakaa chini. Utasema yale maneno ambayo Nada alisema, ndani ya mashine yenu ya kunasa sauti, ili yabaki. Na kwa mkono wako utaandika upya chini ya picha: baba yangu akipiga yowe, nami nilisikia.

Ukikataa, hakuna atakayekugusa, hilo naapa. Ila semina yako itakuwa na mabenchi matupu, na sinema yako mtajitazamia wenyewe. Wanafunzi watakula na kulala vizuri, hawajamkosea mtu. Wewe utawaangalia wakila. Kuanzia hapa mpaka Baray hakuna jiko litakalokupa kaa, na waliokusikia ukilia utotoni hawataitikia salamu yako.

Utasema nimekuwa katili. Nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kukimbia, nilikutafunia nyama ulipoumwa, na bado nakupenda. Nimegundua mtu anaweza kumpenda ndugu yake na kutaka aaibike hadharani, yote mawili kwa moyo mmoja. Basi usiniletee udhuru wa homa wala kikao cha dharura. Ukituma mwalimu mwingine, picha itasafiri na jina lako, na mimi nitapanda basi nikufuate huko huko darasani kwako.

Kwa ajili hiyo nakuombea kila asubuhi. Namwomba Mungu gari lenu lisikwame kwenye matope ya Mto wa Mbu, lipande ukingo wa Manyara bila kuzima. Mvua ikae mbali siku hiyo, ukumbi ujae hadi madirishani. Wewe akupe usingizi mzuri njiani, koo lisilokauka, masikio mazima na magoti yanayokunjika. Asikuguse ugonjwa, wala simba, wala ajali. Akulinde kuliko wasafiri wote wa nchi hii, mpaka atakapokuweka mbele ya baba.

Karibu nyumbani.

Dada yako mkubwa, mtoto wa kwanza wa baba yetu