Baba Neema na Wajerumani Wake wa Kivukoni

Baba Neema mpenzi,

Tangu ulipotutoka, hapa Thamesmead, huku ughaibuni, nyumba haiishi watu. Viatu vimeziba mlango, chai inapikwa kwenye lile sufuria la pilau, na mimi nimejifungia chumbani nikuandikie. Wakigonga, wangoje. Nina hamu na wewe.

Wewe na Wajerumani wako! Kila mgeni aliyekalia kochi letu ulimsimulia mji wenu ulivyoanza. Walifika kivukoni na mikokoteni, wanatafuta mashamba ng'ambo ya mto, wakakuta umefurika. Wakapiga mahema. Maji yakapungua, lakini mara mke wa huyu anaumwa, mara ng'ombe wa yule wamekufa. "Tunapita tu," walimwambia baba wa babu yako, mwenye mtumbwi, na masanduku hawakuyafungua. Kisha homa ikamuua mtoto wao, wakamzika kilimani. Baada ya hapo hakuna mama aliyekubali kuvuka. Wakaanza kufyatua matofali.

"Mji wetu ulianzia kaburini," ulikuwa unamalizia. Mimi nasonya: "Eti walianzisha! Na wazee wenu waliokuwa wakivusha watu pale, walikuwa wanaota jua? Kula, mwalimu, wali unapoa." Ulivyokuwa unacheka!

Na sisi tulikuwa tunapita tu. Miaka miwili, ulisema, halafu turudi. Nilipolilia nyumbani ulishuka sokoni ukaniletea mihogo, ukaichoma kwenye oveni mpaka king'ora cha moshi kikaamsha majirani. "Mwakani, mama," ukaniambia huku unapepea taulo. Nawe uliamini kabisa.

Kaka yako amepiga simu. "Shemeji, mlete ndugu yetu alale kwao." Ana haki, na wewe hukuacha neno uzikwe wapi. Nilikuwa nimeshamkubalia. Ndipo Neema, huyu ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, mimi nitaenda kumwona Baba wapi?"

Nikampigia shemeji, nikamwambia hapana, unabaki na sisi. Akalia, nami nikalia.

Kesho tunakuzika huku, mpenzi. Usinikasirikie. Najua ninachokifanya, na kinanitisha. Mimi niliyekusumbua miaka yote turudi, sasa nyumbani nitakuwa nakwenda kusalimia tu, na kila nikienda nitakuwa na haraka ya kurudi kwako.

Pumzika, mimi nipo.

Mkeo,
Mama Neema