Siye Divine kwenye ile klipu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Jirani yangu Esteri kaja dukani anahema, kanionyesha klipu kwenye simu. Dada anampiga mtoto mdogo kwa mwiko. Sura haionekani vizuri. Chini wameandika: huyu ni Divine, mlea watoto wa hapa Kibondo. Divine! Ndiye anayeshinda na Zena wangu! Nimeacha vitenge nje, nimekimbia. Nikamnyakua mtoto. Divine ananiita, Mama Zena, kuna nini? Sikugeuka.

Jumanne, 6 Mei
Nimemkagua Zena mwili mzima. Kovu moja gotini. Alianguka, nilikuwepo. Nilikuwepo?
Watoto wote wameondolewa kwa Divine. Kuna waliomwambia arudi kwao Burundi. Kazaliwa hapa hapa, jamani.

Alhamisi, 8 Mei
Mwenyekiti wa mtaa katuita wazazi. Klipu nzima imepatikana — ya miaka mingi iliyopita, ya nchi ya mbali, na sura ya yule dada inaonekana wazi. Siye Divine. Hata hawafanani!
Esteri alilia pale pale. Katoka mkutanoni moja kwa moja na kapu la maharage, kwenda kumwomba Divine radhi. Maana yeye ndiye aliyeisambaza.
Mume wangu Hashimu: basi, yameisha, kesho mtoto arudi. Kama mtu aliyezima redio.
Wifi yangu Faudhia kabana midomo. Kama siye, mbona katajwa yeye? Nikamwambia, wifi, si umeona mwenyewe? Kaona, anasema. Lakini.
Lakini nini? Nimemkasirikia mpaka sasa.

Ijumaa, 9 Mei
Sikumpeleka. Nimesema ana mafua. Hana.
Hashimu kanibana: unaamini au huamini? Naamini! Hata msahafu nashika. Ila nikifumba macho mwiko unapanda, na mkono ni wa Divine. Hashimu hanielewi. Kwake jambo likishasahihishwa limefutika. Mimi nalijua la kweli, na la uongo bado naliona.
Afadhali Faudhia, anabisha tu. Mimi najua, na bado naogopa. Hiyo ni akili gani?

Jumatatu, 12 Mei
Nimempeleka. Divine getini, kakonda. Mwakeye, kanisalimu, kama kila asubuhi. Zena kamrukia, hata kwaheri sikupata.
Nikashindwa kuondoka. Nikajifanya namngoja mtu. Divine katoka na kigoda, kakiweka chini ya ukuta.
"Kaa, Mama Zena. Mama wa mapacha alikaa hapo asubuhi nzima juzi."
Hakununa. Bora angenuna! Kaingia ndani, geti kaliacha wazi.
Nimekaa. Naandika nikiwa hapa hapa, duka limefungwa. Wanaimba ndani. Sasa wamenyamaza. Kuna mtoto analia. Sio Zena. Sauti yake naijua, sio Zena — najua wanalia tu, watoto — nimeshasimama