Dozi ya Siku Tatu

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Baba. Mimi sijambo. Lile jipu la kwapani limekauka. Daktari aliniandikia vidonge vya siku saba, vinne kwa siku, lakini siku ya tatu nikaweza kuinua mkono, nikaviacha.

Uliniambia Baba ameungua ugoko akichomelea geti, na kidonda kinatoa maji. Nimekufungia vilivyobaki, kumi na sita. Ameze kimoja kila baada ya saa sita kabla ya kula, na siku mbili baada ya kupata barua hii umpeleke zahanati. Najua ataleta visingizio. Mwambie mtu anayeshika moto kutwa nzima hawezi kuogopa sindano.

Huku maabara ni yaleyale, kuotesha vijidudu vya watu kwenye visahani na kuona dawa ipi itaviua.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, hofu kwako tu. Baba yako anasema umemfaa kuliko hao waliosomea udaktari.

Vile vidonge nimevitumia kwa akili. Vinane amemeza, asubuhi na jioni, maana vinne kwa siku vingemchosha. Vinane nimevifungua, nikanyunyiza unga wake juu ya kidonda penyewe. Mdomo uko mbali na mguu, dawa isipotee njiani. Usinicheke. Wewe umesoma, mimi nimefagia zahanati miaka ishirini na miwili. Madaktari wamekuja wakaondoka, mimi nipo na ufagio wangu, naona. Mtaa huu wananiita Sista, na hawaniiti bure.

Siku ya nne kidonda kilikauka. Zahanati hatukwenda, mtu aliyepona akafanye nini? Ameshaanza kuchomelea madirisha ya shule.

Mama yako


2 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili, nikashindwa kula.

Unga wa kidonge haunyunyizwi kwenye kidonda, Mama. Na kidonda kukauka juu si kupona. Dawa ikiwa kidogo, au ikikatizwa, vinakufa vijidudu vilivyo dhaifu, vinabaki vile vikaidi, navyo vinazaana. Kosa la kwanza ni langu. Sikumaliza dozi yangu, kisha nikakutumia dawa ambayo Baba hakuandikiwa na mtu yeyote.

Kikianza kuuma tena, usimpe chochote nyumbani. Mpeleke siku hiyohiyo, na uwaambie alimeza nini. Nijibu upesi.

Mwanao


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, mbili hukujibu. Simu ya Baba imezimwa wiki ya pili sasa. Nini kimetokea huko?

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Siwezi kuandika kwamba sisi wazima.

Simu niliizima mimi. Ningesikia sauti yako ningesema kila kitu, na baba yako aliniapisha nisikwambie. Anaogopa watamkata mguu.

Kidonda kilirudi mara mbili. Nina kopo langu la dawa, watu wa mtaani wakipona huniletea mabaki yao niwasaidie wengine. Nikampa ya huyu siku tatu, kikakauka. Kikarudi, nikampa ya yule siku mbili. Wiki hii mguu umevimba hadi gotini, unawaka, na anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Leo asubuhi nimemwita mwenye mkokoteni, tumempeleka hospitali.

Muuguzi wa zamu tumefanya naye kazi zahanati. Akanishika bega mbele ya wagonjwa wote, akasema, "Sista wetu huyu, anajua mambo." Daktari akaniuliza, "Mama, nyumbani amemeza dawa gani?" Nikaona aibu. Nikasema hajameza kitu.

Mama yako


3 Mei

Mama,

Shikamoo. Hospitali yenu huleta vipimo kwetu, na usaha wa Baba umefika mezani kwangu. Nilisoma jina lake kwenye chupa, nikalisoma tena kwa sauti. Mwenzangu aliniambia, "Kaa pembeni, nitaifanya mimi." Nilikataa, nikaotesha mwenyewe.

Kesho yake tulitazama. Kwenye kisahani tunaweka vidoa sita, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofanya kazi inaacha duara safi, lisilo na vijidudu, kuzunguka kidoa chake. Vidoa vitano havikuacha chochote, na cha kwanza kati ya hivyo ni dawa waliyoanza kumchoma kwa sindano, kwa sababu daktari aliamini neno lako. Cha sita kimeacha duara. Dawa hiyo hospitali yenu haina. Mkubwa wangu amewapigia simu, inatumwa leo.

Barua hii naituma na dereva huyohuyo wa dawa. Ukiipata, inuka hapo ulipo, nenda kwa daktari, umwambie kila ulichompa. Atakayekucheka acha acheke. Nimeomba ruhusa, ninakuja.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, ingawa umeondoka juzi tu na shikamoo yako ya mwisho uliitoa ukitazama ardhi.

Watu wa msiba wameisha. Vifaa vya baba yako nimevifunika turubai. Daktari alisema dawa ilifika sumu ikiwa imeshatembea mwilini, na akanishukuru kwa kusema ukweli. Laiti angenitukana.

Jana jirani yetu mshona viatu alikuja, koo linamuuma, anataka vidonge. Nikamwambia aende zahanati akapimwe. Akaniuliza, "Kwani nimekukosea nini, Sista?" Akaondoka amenuna. Kopo nimelipeleka kwa mfamasia wa hospitali, akaahidi kuziteketeza dawa zote zilizomo.

Siku zote ulizokaa hapa hatukulizungumza. Wewe ulikuwa unaosha vyombo, mimi natandika mikeka, kila mmoja anamkimbia mwenzake. Sasa nakuuliza kwa karatasi. Siku ile ya kwanza, ningempeleka, angepona? Usinipe maneno ya kunibembeleza. Wanibembelezao ninao wengi.

Mama yako


9 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na swali lako siku kadhaa. Niliandika barua mbili za uongo, nikazichana.

Ndiyo. Kwa ninavyojua mimi, angepona. Wangesafisha kidonda, wangemwandikia dawa ya aina ileile niliyokutumia, kwa siku zake zote na kwa saa zake, na ingemtosha. Hilo nililijua tarehe nne Februari. Ni kazi yangu kulijua. Nilitaka tu niwe wa kwanza kumtibu baba yangu.

Mwanao