Sindano Ilirudi Kimya

Kwako mume wangu Kijiti,

Bibi yako anakusalimu, na anataka kujua habari za tumbo kwanza, nyingine baadaye. Unakula? Unalala penye paa lisilovuja? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kwa vumbi la pamba kimepoa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanigombeza kila nikiinuka. Kalamu na mimi hatujuani, hilo unalijua. Nasema tu, na mtu anaandika.

Habari za hapa ni hizi. Jirani yangu Cheko bado anagonga ukuta asubuhi akiniita shoga, amka, jua limeshakuchungulia. Paka wako kazaa ndani ya gunia la pamba, na gunia nimemwachia, maana nilipotaka kumhamisha alinitazama kama mwenye nyumba. Kazi ya kushona magodoro ipo, lakini haiendi bila mtu wa chini. Naishusha ile sindano ndefu kutoka juu ya godoro, natoka kwenye kigoda, naingia chini ya fremu kwa magoti haya haya, naipandisha, natoka tena. Wapita njia wananiuliza bibi, umepoteza nini humo chini. Nawajibu nimempoteza anayerudisha.

Sasa nikuambie lililonifanya nitafute mwandishi.

Siku ile mama muuza mapazia alipokuja kuagiza magodoro ya nyumba yake ya wageni, nilidhani umetoka kununua uzi. Akaketi, akatazama ng'ambo ya barabara, akaniuliza yule fundi viatu kwa nini kila mchana anakuja kula kwangu, kwani kwake hakuna sufuria? Nikaliona jicho lake. Niliogopa, mjukuu wangu. Niliogopa ulimi wake, basi nikawahi mimi. Nikasema yule ni shoga tu, namvumilia kwa kuwa mjukuu wangu ana huruma za kijinga. Nikashusha sindano.

Sindano ikarudi.

Kila siku ukiirudisha husema shika, bibi. Siku ile haikuja sauti. Ilikuja ncha tu, pale pale panapotakiwa.

Kesho yake uliponiaga ukisema umepata kazi kiwandani, nilikuapia kwamba sikujua kama uko chini. Ukaitikia haya, bibi, ukabeba begi lako.

Kiapo kile, Kijiti, nusu yake ni uongo, na nusu hiyo ndiyo ninayoileta leo. Mara ya kwanza sikujua kweli. Lakini yule mama alicheka, akaniuliza, na huyo mjukuu wako je? Hapo sindano ilikuwa imesharudi. Nilijua umelala chini ya miguu yangu. Nami nikapaza sauti, nikasema wangu ni mwanamume kamili, angekuwa kama yule ningemtupa nje na godoro lake. Nilipaza ili usikie. Nilidhani nikikutisha utaacha. Maana nilikuwa najua. Nilijua tangu wewe na yule fundi mlipoanza kugombania kipande kikubwa cha mkate, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye achukue. Nawe uliendelea kurudisha sindano mpaka godoro likaisha, ukafagia pamba, ukanawa mikono.

Mwandiko huu umeutambua tangu mstari wa kwanza, na umekuwa ukijiuliza. Ndiye. Nilivuka barabara na goti langu bovu nikamwambia nililomwita. Akasema alishalisikia, mama muuza mapazia alimletea pamoja na viatu vya kutia soli. Alikataa kunitajia uliko, na alifanya vyema, lakini alikubali kuandika barua na kuituma. Tulipofika kwenye lile neno aliniuliza aliandike au aliruke. Nikamwambia andika, nimelitema mimi, usinifichie. Akaomba maji ya kunywa, kisha akaandika. Ndilo hilo hilo ninaloitwa na Cheko kila asubuhi, na linanifurahisha. Siku ile nililitia changarawe.

Nikamuuliza, basi niwaiteje nyinyi? Akanitajia lile la redioni, wapenzi wa jinsia moja. Nikamwambia hilo ni kama tangazo la kukatwa maji, chai itapoa kabla sijamaliza kuwaita mezani. Akacheka. Halafu akainamia karatasi, akasema yeye akikuwaza husema mwenzangu, basi. Ndivyo nilivyomwita babu yako mpaka tulipomzika.

Cheko anakusalimu, paka na wanawe wanakusalimu. Fundi viatu anasema salamu zake si za kuandikwa mbele ya bibi. Mimi nimekubali kupata mke mwenza mwenye ndevu, ila akumbuke nani alitangulia.

Sikuombi usahau. Godoro liko juu ya fremu na pale chini hapana mtu. Siku ukija, kama hutaki kusema nami, usiseme. Nitashusha sindano na kungoja.

Hilo doa la wino ni dole gumba langu, lile lenye kovu.

Bibi yako,
mkeo wa kwanza