Macho ya koko Jokébed

Ornella, acha kazi yote usome.

Abdias, ule peintre wetu wa kuchora bibao ya ma-salon ya nywele, pasteur yake alimupatia kazi ya kuchora banderole, kitambara kubwa ya kutundika ku barabara, ya campagne ya maombi. "Chora mulozi, muchawi, batu bamuone." Mais Abdias hajaonaka mulozi hata siku moja! Donc akatafuta sura. Akachukua ya koko Jokébed, mama ya mama yake, ule alikimbia vita ku Eringeti. Fimbo yake, kitambara yake ya kichwa, na ile macho nyekundu ya moshi ya jikoni.

Moshi, Ornella! Moshi ya kutupikia sombe!

Leo asubui koko akaenda ku soko. Banderole inaninginia juu ya barabara. Batoto bakaanza: "Ni ule! Ni ule wa ku banderole!" Kisha bamama: "Jokébed ni mulozi!" Kisha majiwe.

Abdias akakimbia na pinceau, akapanda, akafunika ile sura na rangi nyeusi. Wapi! Mama mumoja akapiga kelele: "Muone, anaficha koko yake!" Ndiyo ikakuwa preuve kama koko ni mulozi.

Na pasteur? "Mimi sikutaja jina ya mutu." Ile tu.

Tumeficha koko kwetu, sisi majirani, kichwa yake imepasuka. Abdias amepiga magoti analia: "Koko, mimi nilichora tu."

Koko hakulia. Akamuangalia na ile macho, akasema: "Kule Eringeti, benye kutuua habakujua jina yangu. Hapa Butembo bananiita na jina."